Saa Nane ya Pili

Barua ya Halszka ilikuwa fupi:
"Usiku wa Jumamosi nilikesha wodini saa tisa. Mmenilipa nane.
Mimi si mtu wa kugombana.
Hesabuni tena."

Nikahesabu tena. Aliingia saa nne usiku,
akatoka saa kumi na mbili asubuhi.
Kumi na mbili toa nne, nane.
Nikamjibu kwa adabu ya kiofisi
kwamba mfumo hauna kosa,
nikakamua limau kwenye chai.

Nje, Przemyśl ilikuwa inalowa.
Wauza mishumaa walishapanga vikombe vyekundu
kwenye lango la makaburi,
na juu ya duka la saa mzee mmoja amepanda ngazi
anasukuma mshale mrefu kwa kidole, kinyumenyume,
siku mbili baada ya watu wote.

Chai ikanipalia.

Usiku ule saa tisa ilipofika
iliambiwa irudi kuwa nane,
na nane ikapita mara mbili
kama mgeni aliyesahau mwavuli,
akarudi kuuchukua, akaketi tena.

Na programu ile niliiandika mimi.
Miaka sita natoa namba ya ukutani
kwenye namba ya ukutani,
nikidhani napima muda.
Saa ya ukutani hukwambia umefika wapi.
Ulikotembea, haijui.

(Na usiniulize mwezi una urefu gani.
Chukua Januari thelathini na moja, ongeza mwezi mmoja:
lugha hii ninayoipenda itakuvusha Februari yote
ikutue Machi, bila hata kukuomba radhi.)

Lakini chini kabisa ina hesabu yake ya kweli:
milisekunde, moja baada ya moja,
tangu usiku mmoja wa mwaka sabini,
hazijui kiangazi, hazirudi nyuma.
Nikaziuliza. Zikanipa
milioni thelathini na mbili na laki nne.
Gawa kwa elfu. Gawa kwa sitini. Kwa sitini tena.
Tisa. Haibaki hata moja.

Nikampigia simu. Nilikuwa nimejiandaa kutukanwa.
"Basi kama unajua hesabu hizo," akasema,
"nisaidie na nyingine.
Bwana Teofil, kitanda cha dirishani,
alikata roho saa nane na dakika arobaini.
Ndivyo nilivyoandika.
Mwanawe alikuwa ndani ya treni ya usiku kutoka Gdynia.
Alinipigia saa nane na dakika hamsini,
nikamwambia baba anapumua.
Sasa ameshika cheti mkononi, ananitazama.
Hasemi kitu. Ananitazama tu."

Niliingiza saa zote mbili kwenye programu yangu ya zamani.
Ikajibu: hasi kumi.
Mtu amekufa dakika kumi kabla ya kuwa hai.

"Simu ilikuwa nane ya kwanza," nikasema.
"Ya kwanza. Baada ya hapo niliketi naye.
Mkono wake ulikuwa baridi, nikauweka chini ya kwapa langu."
Saa ile ndiyo niliyokataa kuilipa.

Jioni nikaongeza safu moja kwenye jedwali,
nyembamba, tarakimu moja tu:
saa ngapi mbele ya Greenwich.
Nane ya kwanza, mbili. Nane ya pili, moja.
Nikaendesha upya.
Milisekunde milioni tatu kamili.

"Mwambie dakika hamsini," nikamwandikia.

Alijibu kesho yake, baada ya zamu.
Kijana alilirudia neno hilo, hamsini,
akahesabu kwa vidole kama mtoto,
kisha akasema: "Basi treni ilikuwa imesimama Radom.
Walituzimia taa. Kondakta alipita akisema
tunangoja saa moja,
tusije tukafika mapema."